Wifi anasema vikapu vyangu vya Pasaka vitawaliza watoto

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ipuli hapa Tabora. Nimeolewa kwenye familia kubwa, na kila Pasaka ukoo mzima tunakutana kwa mama mkwe, Isevya. Sisi ni Wamoraviani, kwa hiyo siku yenyewe inaanza mapema. Kabla jua halijachomoza tuko makaburini kwenye ibada ya ufufuko, ndipo tunarudi nyumbani kunywa chai. Watoto wanarudi wamechoka, macho mekundu, njaa inawauma, na kinachowaweka macho ni vikapu tu.

Hili la vikapu lililetwa na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayeishi Dar es Salaam. Kila mwaka anakuja na maboksi. Kila mtoto anapata kikapu cha plastiki cha pinki au cha bluu, ndani kuna nyasi za plastiki, mayai ya plastiki ya kufunguka yenye pipi, kisungura cha plastiki, na juu yake kimefungwa nailoni inayong'aa na utepe. Sikatai, vinapendeza, na watoto wanaruka kwa furaha. Ila ikifika Jumatatu jioni, uani kwa mama mkwe hapatamaniki. Mayai yamekanyagwa, nailoni imenasa kwenye michongoma, na zile nyasi zimepeperushwa hadi kwa majirani. Tunafagia, tunachoma shimoni, moshi mweusi unatuingia wenyewe.

Mwaka jana, baada ya sikukuu, mbuzi jike wa mama mkwe alivimba tumbo akaacha kula. Ikabidi achinjwe. Walipompasua walikuta bonge la nailoni limejisokota tumboni, na zile nyuzi za kijani zimo. Mama mkwe aliziinua kwa kijiti, akauliza, "Hizi si za Pasaka?" Hakusema zaidi.

Mwaka huu wifi atachelewa, atafika Jumamosi usiku, kwa hiyo kazi ya vikapu nimepewa mimi. Nimekabidhiwa shilingi 70,000 kwa watoto 14, mdogo ana miezi 8 na mkubwa miaka 12. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la familia kwamba safari hii tutatengeneza vikapu visivyo na plastiki. Wifi akajibu palepale: "Jamani, msije mkawapa watoto karanga kwenye mfuko wa kaki wakalia siku ya sikukuu." Watu wakamwaga emoji za kucheka. Mume wangu naye anasema nisijitafutie maneno, niende sokoni ninunue vile vile vya plastiki yaishe.

Nimeangalia mtandaoni vikapu vya mazingira vya wenzetu wa nje, nikaona chokoleti ya oganiki, wanasesere wa pamba, miswaki ya mianzi. Hapa Tabora nitavitoa wapi, tena kwa hela hiyo? Nikafikiria labda kila mtoto nimpe mche wa mti. Halafu kuna jingine. Wawili kati ya watoto hao ni wa wifi yangu mdogo, aliyeolewa na Mwislamu, nao wanalelewa Kiislamu. Huwa wanakuja Pasaka kama sisi tunavyokwenda kwao Idi. Sitaki wajione wametengwa, wala sitaki baba yao afikiri tunawavutia kanisani.

Nisaidie. Niweke nini, nifungashe na nini, na huyu wifi mkubwa nikae naye vipi?

Mama wa Watatu, Ipuli

*

Marahaba mwanangu,

Ukiitoa kejeli yake, wifi yako amesema kweli. Karanga kwenye mfuko wa kaki, siku ya sikukuu, mbele ya mtoto aliyezoea kikapu cha pinki? Hata mimi ningelia.

Vikapu vingi vya namna unayotaka hushindwa hapo. Vinafika kama adhabu. Rangi ni kahawia mwanzo hadi mwisho, kitamu hakuna, halafu mtu mzima anasimama pembeni kueleza habari za plastiki na bahari. Mtoto wa miaka sita aliyeamshwa saa kumi alfajiri hana muda na bahari. Anataka rangi, anataka utamu, anataka kitu cha kutafuta huku akipiga kelele. Mpe hivyo vitatu na hatakuuliza plastiki iko wapi. Na hotuba yako ya mazingira iache Ipuli. Mbuzi naye asitajwe siku hiyo.

Sasa kabla hujatoa shilingi hata moja, nenda Isevya ukaangalie vile vikapu vya miaka iliyopita. Kama viko 14 vizima, vioshe uvitumie. Usishangae. Plastiki ambayo tayari imo nyumbani na bado nzima haina kosa, inayoumiza ni ile inayonunuliwa Machi ikatupwa Aprili. Kuvitupa vizima ili ununue vya ukindu ni kuongeza taka kwa jina la kupunguza taka. Ila najua nyumba zetu. Vitakuwa vimebaki vitano, kimoja kimeshika vibanio vya nguo, kingine kuku ametagia. Basi viacheni na kazi zake, maana ukimpa mmoja kikapu na mwenzake mfuko, umeanzisha vita.

Badala ya vikapu 14, nunua kapu moja kubwa la ukindu, zuri, lenye ukili wa rangi. Hilo ni la mama mkwe. Vitu vyote vya watoto vitatoka humo siku ya Pasaka, na Jumanne atakwenda nalo sokoni. Mbuzi halirudishi, lakini linatulia mkononi. Kisha nenda kwa fundi cherehani wako umwombe vipande vya vitenge vinavyobaki akikata nguo. Mafundi wengi wana kiroba kizima chini ya meza na hawana pa kukipeleka. Kipande cha sentimita 25 kwa 60 ukikikunja katikati kinatoa kimfuko kizuri, unapitisha kamba kwenye upindo wa juu. Mlipe ushonaji. Kila mtoto apate kitenge tofauti na mwenzake, hapo huhitaji kuandika majina, maana atakitambua chake hata gizani. Vimfuko vikae kwa bibi mwaka hadi mwaka. Siku ya Pasaka anavitoa, jioni vinarudi kwake.

Neno moja kuhusu ile mifuko inayofanana na kitambaa, inayouzwa madukani tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Watu huichukulia kama nguo. Mingi ni polipropilini, plastiki ileile iliyotandazwa kwa nyuzi, na ikichakaa inamomonyoka vipande vidogo vidogo. Kama unayo, itumie hadi ichoke. Usinunue mipya 14 ukidhani umeokoa kitu.

Zile nyasi za plastiki nazo zina asili yake. Habari za sungura wa Pasaka zilianzia kwa Wajerumani, zimeandikwa tangu karne ya 17, na walowezi wa Kijerumani wakazihamishia Pennsylvania, Marekani. Watoto wa huko walikuwa wanatengeneza kiota kwa kofia au kwa nyasi, wakiamini sungura atapita usiku kutaga mayai humo. Kiota kikageuka kikapu, nyasi zikageuka plastiki. Kwa maneno mengine, wifi yako amekuwa akisafirisha nyasi za bandia kutoka Dar kuzileta Tabora mwezi ambao nyasi za kweli zimefika kiunoni.

Lakini nyasi za porini zina viwavi na zinawasha. Tumia maganda ya mahindi mabichi, msimu wake ndio huu. Unapomenya, tupa yale magumu ya nje, baki na ya ndani, laini, ya kijani mpauko. Yachane kwa uma kufuata urefu wake, vipande vyembamba kama tambi, uyatandaze kwenye ungo. Ukiyaanika juani yanakuwa meupe, ukiyaweka kivulini yanabakiwa na ukijani. Yakikauka yanajikunja yenyewe. Hakikisha yamekauka kweli, la sivyo yataota ukungu kwenye mfuko. Nusu yake unaweza kuchovya kwenye maji ya binzari kabla ya kuanika, yatoke ya njano. Na mbuzi akiyafikia, amefikia chakula chake. Nailoni mnyama anayecheua hawezi kuisaga wala kuipitisha. Inabaki kwenye tumbo la kwanza, inajisokota na inayofuata, naye anajiona ameshiba huku anakonda.

Mayai sasa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo utakapompata wifi.

Asili yake ni Kwaresima. Ulaya ya zamani Wakristo walikatazwa mayai kwa siku zote 40 za mfungo, lakini kuku hawana Kwaresima, waliendelea kutaga. Ikifika Pasaka nyumba zimejaa mayai, ndiyo yakachemshwa, yakapakwa rangi, yakagawiwa watoto. Kwa hiyo yai la kweli ndilo lenye sikukuu, lile la plastiki limekuja baadaye sana. Trei moja ni mayai 30. Watoto 14, kila mmoja mawili, ni 28, na mawili ya ajali. Usipunguze hayo ya ajali.

Kuanzia leo kusanya maganda makavu ya vitunguu. Jikoni kwako hayatatosha, waombe wauza vitunguu sokoni, wao huyapepeta na kuyaacha chini. Maganda ya vitunguu 10 au 12 yanatosha lita moja ya maji. Chemsha nusu saa hadi maji yawe mekundu ya kutu, chuja, weka vijiko viwili vya siki au maji ya limao. Tindikali inakwangua ganda la yai kidogo, ambalo ni chokaa, rangi ikapata pa kushika. Mayai yakichemkia humo yanatoka na rangi kuanzia kutu hadi maruni, kutegemea ganda lilikuwaje. Sufuria ya pili weka binzari manjano, vijiko vitatu kwa lita, upate njano. Ya tatu kiazi chekundu, yaani bitiruti, kilichokatwakatwa, upate pinki. Tumia sufuria kuukuu, binzari ina kawaida ya kuacha alama.

Angalia ganda kabla hujanunua. Mayai ya kuku wa kisasa tunayouziwa mengi ni ya kahawia, na juu yake njano na pinki hazionekani vizuri. Hayo yapeleke kwenye vitunguu. Kwa njano na pinki tafuta ya kienyeji yenye ganda jeupe.

Na hii ndiyo itakayowafanya watu wazima nao wasogee. Chuma jani dogo la mlonge, au tawi dogo la giligilani. Lilowanishe, libandike kwenye yai bichi, ulilaze vizuri kwa kidole hadi kingo zote zishike. Funga yai kwa kipande cha soksi nyembamba ndefu za kike, vuta, kaza kwa uzi nyuma. Chemsha hivyohivyo kwenye maji ya vitunguu. Ukifungua na kubandua jani, yai lote limekuwa jekundu isipokuwa umbo la jani, mshipa hadi mshipa, limebaki na rangi ya ganda. Paka tone la mafuta ya alizeti kwa kitambaa, ling'ae. Kila yai linatoka tofauti. Kuna mtu atakushauri kufungia kwa kipande cha chandarua kilichochakaa kwa vile kiko nyumbani. Kataa, vyandarua vile vimewekwa dawa ya kuua mbu.

Wengi huyaacha mayai yaliyochemshwa jikoni usiku kucha. Yai lililochemshwa lisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kwa joto letu usibishane na hizo saa. Kama mama mkwe ana friji, fanya yote Jumamosi. Kama hana, Jumamosi andaa maji ya rangi tu, na yale ya majani yafunge yakiwa mabichi. Asiyekwenda makaburini, na kila nyumba inaye mmoja, atayachemsha alfajiri kwa dakika 12 mpaka 15 mkiwa ibadani. Mtarudi yana uvuguvugu. Watoto wenye njaa ile hawatayaacha yafikishe saa mbili, usihofu.

Utamu sasa. Karanga za wifi zirudi kwa mlango mwingine. Tengeneza kashata, na kila kashata ifunge kwenye ganda pana la mhindi, kaza ncha zote mbili kwa uzi wa rangi au kichane cha kitenge, itokee kama pipi kubwa. Weka na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kwa wanaoyapenda. Asali ya Tabora haihitaji mimi kuisifia, kijiko kimoja kwenye kashata badala ya sehemu ya sukari kinabadilisha kila kitu. Ila yule wa miezi 8 asiguse chochote chenye asali. Mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali, iwe mbichi au imepikwa, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi, na ugonjwa wake unalegeza misuli hadi ya kupumulia. Na walio chini ya miaka mitano karanga nzima huweza kuwakaba, zao zitwange kabisa.

Pipi za dukani weka pia. Ndiyo, nimesema weka. Pipi tatu kwa kila mtoto hazitaiangusha Tabora, na zitamwondolea wifi yako hoja yake kubwa. Nunua zenye karatasi moja tu, zisiwe zile zilizofungwa ndani ya mfuko ndani ya boksi. Mwekee bibi kopo la makaratasi mlangoni. Chokoleti ya oganiki iache ulikoiona, joto la mchana wetu litaifikia kabla ya watoto, tena imefungwa tabaka kwa tabaka. Na mswaki wa mianzi! Mtoto gani aliwahi kushangilia mswaki siku ya Pasaka?

Vya kuchezea usinunue 14. Nunua vichache vya wote. Kamba ndefu ya katani ya kuruka, mbili zinatosha kiwanja kizima. Kokoto nzuri za mdako ni bure. Na kwa seremala omba vipande vya mninga vinavyotupwa, akuchongee pia za kuzungusha. Mninga ni mzito, pia yake inakaa wima muda mrefu. Watoto wa siku hizi wengi hawajaishika pia mkononi, na baba zao watawanyang'anya.

Kuhusu mche wa mti nakukatalia, na nina sababu. Mvua zetu huanza karibu na Novemba zikaisha Aprili. Mche utakaopandwa Pasaka unaingia ardhini mvua zikiaga, kisha miezi yote ya kiangazi mtoto wa miaka saba aubebee maji? Utakufa Juni, naye atakumbuka kwamba zawadi yake ilikufa. Tena miche hiyo huja kwenye viriba, ambavyo ni nailoni, kwa hiyo umerudi kulekule. Kama unataka wapande kitu, weka mbegu za mchicha kwenye kipande cha gazeti kilichokunjwa. Mchicha huota ndani ya wiki, unachumwa baada ya wiki chache, na maji ya kusuuzia vyombo yanautosha. Mti panda Novemba, mmoja, wa ukoo.

Ugawaji ufanye kama kombolela. Usiwapange watoto mstari ukawakabidhi. Viota vya maganda ya mahindi vifiche barazani, chini ya ngazi, nyuma ya mtungi, kwenye matawi ya chini ya mwembe kama mvua haijanyesha. Kila mkubwa amshike mkono mdogo mmoja, na yai analiokota mdogo. Hesabu viota kabla na baada. Yai lililosahaulika nyuma ya kabati utalisikia lenyewe.

Wale wawili wa wifi mdogo wapate kimfuko sawasawa na wenzao, na vyote vifunguliwe nyumbani baada ya chai, si makaburini wala kanisani. Usishone misalaba kwenye vimfuko. Mayai, kashata, matobolwa, pia, hapo hakuna tatizo. Kitu cha kuangalia ni zile pipi laini za kuvutika, nyingi zina jelatini, ambayo huweza kutoka kwa nguruwe, na karatasi haisemi kila mara. Nunua pipi ngumu kwa wote, usiwape wao peke yao za tofauti. Mwambie baba yao mapema kitakachokuwemo. Na kwa kuwa Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kuna Pasaka zinazoingia ndani ya mfungo, kama ile ya tarehe 9 Aprili 2023. Mwaka wa namna hiyo ukija, aliyeanza kufunga awekewe fungu lake mpaka magharibi, tena bibi ndiye alishike, asiachwe akiliangalia.

Wifi mkubwa usimjibu kwenye kundi. Hapo kila neno lina watazamaji. Mpigie simu, usiku watoto wakishalala, umsalimie vizuri, umwambie hivi: "Wifi, watoto wamezoea mkono wako. Mimi nitatengeneza, lakini wa kuficha na wa kugawa ni wewe." Miaka yote hii yeye ndiye Pasaka ya watoto wale. Unapoondoa vikapu vyake bila kumpa nafasi nyingine, anasikia anaondolewa yeye, na hapo hata ungeleta vikapu vya dhahabu ataona kasoro. Mpe na kazi ya kufanya huko Dar, kwa mfano penseli za rangi, maboksi mawili matatu mgawane, au nazi za kashata. Anakuja na mzigo bado, heshima yake ipo. Akileta na nyasi za plastiki licha ya yote, zipokee, zifunge, ziweke juu ya kabati. Usizikatae mbele ya watu. Habari ya mbuzi aisikie kwa mama yake mzazi kama mama atapenda kuisema. Kwako wewe itasikika kama mashtaka.

Kuhusu hela, bei sikutajii, maana wiki ya Pasaka kila muuzaji ana bei yake ya sikukuu. Ila kapu, trei, ushonaji, karanga na sukari ndivyo vitakavyokula fedha, vingine karibu vyote ni vya kuomba. Kapu usilinunue mwisho. Ukilichagua haraka utapewa lililolegea mikono. Mayai nunua katikati ya wiki kabla wapishi wa keki hawajayamaliza.

Na mume wako anayesema yaishe, mtume kwa seremala. Akaagize hizo pia mwenyewe, aende Jumatatu au Jumanne, Ijumaa Kuu atakuta pamefungwa.

Mama Mkubwa